Mikia ya Perege wa Mianzini

Ukimwuliza mtu wa Kariakoo wa miaka ile habari za Bwana Ndoo, atacheka kwanza ndipo akujibu. Mzungu gani huyo, kutwa ndoo mkononi, kaptula imelowa mpaka kiunoni, anaingia bonde la Msimbazi asubuhi na kutoka adhuhuri ananuka tope? Jina lake halisi lilikuwa refu na gumu, na hakuna aliyejisumbua nalo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maji baridi, yaani mito, madimbwi na mabwawa, na kila kinachoishi humo kuanzia magugu mpaka kambale. Lakini hadithi hii si yake. Ni ya msaidizi wake, Fikirini, Mzaramo wa Mtaa wa Swahili, ambaye alisoma mpaka karo ikamshinda, kisha akafundishwa kupima maji na kuhesabu samaki.

Naam, kuhesabu samaki. Sokoni walimcheka mpaka wakachoka. "Fikirini, leo wamekuitikia wangapi?" Naye hakuwa mtu wa kununa. Alikaa juu ya gunia la mtu akaeleza taratibu. Unavua perege kadhaa, kila mmoja unamkata ncha ya mkia kwa mkasi mdogo, kidogo tu asidhurike, unamrudisha majini. Ncha ile hata ikiota tena huota imepinda, kwa hiyo alama haipotei. Baada ya miezi unavua tena. Ukiona wengi wamekatwa mikia, ujue bwawani hamna kitu, unavua walewale. Ukiona waliokatwa ni wachache na wazima ni wengi, ujue bwawa limejaa.

"Na likishajaa?" waliuliza.

"Likishajaa tunakula, tena kila mwaka, mradi tulipe muda wa kupumzika. Bwawa si ghala. Ukiliacha linajaa lenyewe."

Maneno hayo aliyasema mara nyingi, na kwa furaha. Laiti angejua yangemrudia vipi.

Bwawa lenyewe liliitwa Mianzini, chini ya Jangwani, mahali ambapo watu wa zamani walijenga tuta la udongo kuzuia maji ya masika yasikimbilie mtoni. Wakubwa wa mji walikuwa hawalitaki. Mjini kulikuwa na homa, na homa inaletwa na mbu, na mbu wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama. Basi dawa kwao ilikuwa moja, kumwaga mafuta juu ya kila dimbwi na baadaye kulifukia. Bwana Ndoo alibishana nao mwaka mzima. Alisema bwawa lenye samaki wengi halina mbu, maana perege wadogo wanakula viluwiluwi vya mbu mchana na usiku. Bwawa linalozalisha mbu ni lile lililovuliwa mpaka likabaki tupu. Mwishowe wakamwambia haya, tutakuachia Mianzini mpaka baada ya kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita. Siku ya kamati utuonyeshe samaki wako. Wakiwa wengi, bwawa litabaki mali ya wakazi, watavua kwa utaratibu, na mabwawa mengine ya bondeni yatafuata mkondo huo. Wasipokuwepo, tunamwaga mafuta.

Sasa nani angewazuia watu wasivue mwaka mzima? Si Bwana Ndoo, ambaye watoto walikuwa wanamfuata nyuma wakigonga makopo. Wala si Fikirini. Aliyewazuia ni mama yake, Bi Sitara.

Bi Sitara alikuwa akikaanga samaki na mihogo kando ya soko la Kariakoo tangu Fikirini hajaota meno. Wanawake waliokuwa wakiingia Mianzini na matenga yao, wakikokota tope na kuzoa hata vitoto vya perege visivyojaza kijiko, wote walimjua. Aliwaita uani kwake, akawapikia chai, akawaambia, "Wanangu, mwaka mmoja tu. Mimi mwenyewe nitanunua samaki wa baharini soko la Feri kwa bei ya kuumiza, na sitanung'unika. Nitakayemwona na tenga Mianzini, asije kwenye msiba wangu."

Wakaacha. Euphrasia, Mchaga wa Mission Kota aliyekuwa akikaanga naye bega kwa bega, alilalamika wiki mbili halafu naye akaacha. Miezi ikapita, magugu yakaota kingoni, na jioni ukisimama juu ya tuta ulisikia perege wakipiga maji kwa mikia. Bi Sitara alikuwa akienda kusikiliza tu, kisha anarudi nyumbani.

Alikuwapo mtu mmoja asiyemwachia mama huyu nafasi ya kupumua, naye ni Mrisho. Mrisho alikuwa Mnyamwezi, hamali wa sokoni, mgongo mpana kama mlango, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara. Kila asubuhi alipopita na gunia lake alipaza sauti.

"Sitara! Bado hujafa tu? Bwawa linanenepa bure. Siku ukifa, wewe Mzaramo, nitavua Mianzini yote niwalishe waliokuja kukulilia, maana najua mwanao atawapa maji matupu!"

"Vua, mbeba mizigo wee," Bi Sitara alijibu huku akigeuza samaki karaini. "Vua! Nikisikia umebakisha hata mmoja, nitafufuka nikucheke."

Watu walicheka, na Fikirini alicheka kuliko wote. Hakumwambia Mrisho habari za kamati, wala siku, wala mafuta. Hayo aliyaona ni mambo ya ofisini, na nani anampelekea mtani mambo ya ofisini? Hilo ndilo lililommaliza baadaye, kwamba aliwaeleza watu habari zote za samaki isipokuwa ile moja iliyokuwa na haja.

Bi Sitara alifariki siku ya Alhamisi, kifua, siku tatu nne tu kitandani. Kamati ilikuwa Jumatatu inayofuata. Fikirini alipoambiwa, alikuwa bwawani na Bwana Ndoo, maji magotini. Akatoka vilevile na miguu yake ya tope, akakimbia mpaka Mtaa wa Swahili, na watu waliomwona wakajua bila kuuliza.

Siku ya mazishi watani walifanya kazi yao, kama ipasavyo. Ndio waliochimba kaburi, na lilipokwisha Mrisho akajilaza ndani akagoma kutoka. "Pazuri hapa, pana baridi. Sitara atafute pengine." Wazee wakambembeleza, akakataa katakata. Akasema hatoki mpaka apewe kofia ya Fikirini, ile ya kushonwa kwa mkono, aliyoshona marehemu mwenyewe. Fikirini akaivua, akamtupia. Mrisho akaivaa palepale kaburini, ikamkaa upande kwenye kichwa chake kikubwa, na watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Ndiyo maana ya mtani msibani: anakushika mkono wakati unazama, ila anakushika kwa kukufinya. Na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ukimkasirikia mtani mbele ya maiti wako, umemvunjia heshima maiti, na watu watalisema jambo hilo hata kwa wajukuu zako.

Jumapili ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Khitma ilisomwa asubuhi, na watu walijaa mpaka barabarani. Wanawake walikuwa wamepika wali, lakini kitoweo kilikuwa kidogo, na Fikirini alikwisha ona haya kabla chakula hakijapakuliwa. Mara akasikia vigelegele upande wa uani. Watani wameingia. Mahamali kama kumi, matope mpaka kifuani, wamebeba matenga mabegani wakiimba, na Mrisho yuko mbele na kofia yake ya upande.

"Nilimwahidi Sitara!" alipiga kelele. "Mzaramo mbahili, mwana wa Mzaramo mbahili! Leo waombolezaji wanakula!"

Samaki wakapokelewa, wakaparuliwa, wakatiwa chumvi na kukaangwa kwenye makarai yaleyale ya marehemu. Fikirini alikuwa amekaa kwenye jamvi la wanaume, nje, hakuona kitu. Alidhani wametoka Feri. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa aibu iliyomwondokea.

Sinia la kwanza likaja mbele yake, maana yeye ndiye mwenye msiba. Wali, na juu yake perege watatu wanene, wamekauka vizuri. Akanyoosha mkono. Yule wa katikati alikuwa na mkia uliopinda.

Akauangalia. Akaugusa kwa kidole kama mtu anayetafuta mwiba. Ilikuwa ile ncha ya juu, mahali ambapo mkasi wake ulipita mwaka jana, kwa mkono wake mwenyewe. Akainua macho, na watu wote walikuwa wakimtazama, mahamali wamesimama wamejipanga, Mrisho kashika kiuno, anangoja. Alikuwa anangoja Fikirini aruke, atukane, amfukuze kuzunguka nyumba na ufagio, watu wacheke na msiba uishe kwa kicheko kama unavyotakiwa kuisha.

"Umewatoa wapi?" Fikirini aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Pale pale unapowahesabu! Wavu wa juya ulitushinda, magugu mengi. Tukakata tuta, maji yakaenda zake, tukaokota kama maembe."

"Mmekata tuta."

"Usiogope, Mzaramo. Si umetufundisha mwenyewe? Ukiliacha linajaa lenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Fikirini akahisi kitu kinapanda kifuani, kikubwa, na kama kingefika mdomoni kingekuwa tusi ambalo halirudi. Akamfikiria mama yake akigeuza samaki karaini. Vua, alisema. Nikisikia umebakisha hata mmoja. Basi akapiga moyo konde, akamega ule mkia, akautia mdomoni, akatafuna. Kisha akacheka. Alicheka vibaya, kicheko kikavu, lakini kilitosha, na watu wakanawa wakala.

Mimi nasema kazi aliyoifanya Fikirini pale kwenye jamvi ni ngumu kuliko kazi yoyote ya kule bwawani, na hakuna aliyempigia makofi.

Watu walipokwisha kula, hakuinuka. Alimwita Euphrasia, akamwomba kitu ambacho mama yule alidhani ni wazimu wa kufiwa. Alitaka mikia. Yote, ya kila sinia, ya wanaume na ya wanawake, isitupiwe paka. Euphrasia alimtazama, akaona uso wake, akaenda kuikusanya. Wanawake wakaanza kuleta viganjani, kwenye makawa, kwenye pindo za kanga. Fikirini akatandika mkeka uani na kuitenga: iliyopinda huku, mizima kule.

Rundo la iliyopinda likabaki dogo, la kujaza viganja viwili. Rundo la mizima likapanda, likamwagika, ikabidi utandikwe mkeka wa pili. Wanawake walisimama kuzunguka, na kwa kuwa walikwisha msikia akieleza mara nyingi sokoni, walielewa bila kuelezwa.

"Kumbe walikuwa wengi hivi," alisema Euphrasia polepole. "Mama Fikirini angeona."

"Walikuwa wengi kuliko hata Bwana Ndoo alivyothubutu kuomba," Fikirini alisema. Kisha akawaambia habari za kamati, kwamba ni kesho. Hapo ndipo wanawake wakaanza kulia upya, na ingawa walimlilia Sitara, walililia pia ule mwaka wao mmoja wa kununua samaki kwa bei ya kuumiza.

Mrisho alikuwa mlangoni, kaja kutafuta maji ya kunywa. Alisikia yote. Akaweka kata chini, akatoka, na hakuna aliyemsikia akiimba njia nzima.

Jumatatu asubuhi wakubwa wanne walishuka Mianzini kwa motokaa mbili. Bwana Ndoo alikuwa amefika mbele yao, amesimama kwenye tuta lililokatwa, ndoo tupu mkononi. Mbele yake palikuwa na tope lililopasuka na dimbwi dogo la maji ya kahawia katikati, na korongo wakitembea humo wanadonoa vilivyobaki. Fikirini alimshukia na kikapu.

Bwana Ndoo alifunua kikapu, akaona vifurushi viwili vya mikia, akavishika, akavipima mkono huu na huu. Alielewa palepale. Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa kama mtoto. Kisha akainuka akawaonyesha wakubwa, akawaeleza kwa lugha yao, harakaharaka, akirudia, akionyesha kifurushi kidogo halafu kikubwa. Mkubwa wao alimsikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya, alikuwa na homa yake mwenyewe machoni.

"Unanionyesha mifupa," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nilikuja kuona samaki. Mimi nina watoto wanakufa kwa homa Ilala, na hapa pana dimbwi la tope. Nani amekata tuta hili?"

Juu ya ukingo, upande wa Jangwani, mahamali walikuwa wamesimama na Mrisho kati yao. Walikuja bila kuitwa. Mrisho alipiga hatua moja mbele, akafungua mdomo.

"Ni mimi," Fikirini alimwahi kabla hajatoa neno. "Nilifiwa na mama. Lilikatwa kwa ajili ya karamu ya msiba wangu."

"Wewe? Msaidizi wa utafiti huu?"

"Mimi, bwana."

Mkubwa akamtazama Bwana Ndoo, na Bwana Ndoo akamtazama Fikirini, na alijua kuwa ni uongo. Lakini alikuwa ameishi Kariakoo muda wa kutosha, akanyamaza. Fikirini akaachishwa kazi hapo hapo, wamesimama. Wanaume wenye mabomba mgongoni wakashuka tuta. Mafuta yakatoka meusi, yakatanda juu ya maji yale machache, yakametameta kwa rangi nyingi kwenye jua, na vitoto vya perege vilivyokuwa vimejificha kwenye mizizi vikaanza kupanda juu kuvuta hewa. Fikirini alibaki mpaka vilipoacha kupanda. Hakulia msibani, alilia pale.

Siku chache baadaye alikuwa kando ya soko, ameketi mahali pa mama yake. Hakuwa na kazi nyingine, na Euphrasia alikuwa amemwambia wazi kwamba karai haliwezi kubaki baridi. Alikuwa akikaanga mihogo, vibaya, upande mmoja mbichi. Mrisho akatokea. Hakuwa na gunia. Alisimama mbele ya karai, akavua ile kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Bwana Fikirini," alisema.

Fikirini akainua uso. Tangu azaliwe Mnyamwezi huyu hajawahi kumwita bwana.

"Bwana Fikirini, nimekuja kuomba radhi. Sikujua. Naapa sikujua. Nilimwahidi marehemu, nikaona nikiacha nitakuwa nimemdanganya. Chukua kofia yako."

Euphrasia aliacha kumenya muhogo. Mtani haombi radhi. Mtani akikuomba radhi kwa dhati, na wewe ukapokea, mmekuwa watu wengine, majirani wa shikamoo na marahaba. Na Fikirini alikuwa na hasira, msidanganyike. Ilikuwa imemkaa kooni siku zote hizo, na hapa alipewa nafasi ya kuitema, tena kwa haki. Aliitazama kofia, nyuzi za mama yake, mahali alipokosea mshono akafumua akarudia. Katika soko zima hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwita mama yake Sitara mtupu, kila asubuhi, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Akichukua kofia, sauti ile nayo imekwisha.

Akaipokea. Mrisho akainamisha kichwa.

"Mnyamwezi wee," Fikirini alisema, akakohoa, akaanza upya kwa nguvu ili majirani wasikie. "Mbeba mizigo usiye na akili! Siku ukifa nitakukaanga kwa mafuta ya mbu, na kabla sijakuzika nitakukata ncha ya mkia, nipate kukuhesabu!"

Mrisho alitaka kucheka. Mdomo ulifunguka, mabega yale mapana yakatikisika, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko. Fikirini akasimama, akamvika kofia, ikamkaa upande kama siku ile, kisha akarudi kugeuza mihogo yake na kumwacha alie.